Nundu ya Kuchomelea

Watu wengi hudhani boti inayobembea polepole ndiyo boti iliyotulia. Wapi! Boti inayokutikisa mpaka chai inakurudi kooni, inayoinama na kunyanyuka kwa hasira kabla hujashika kitu, hiyo ndiyo yenye nia ya kukufikisha. Ile inayolala upande taratibu, ikakaa huko kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, halafu ikarudi kwa uvivu, hiyo shuka. Shuka hata kama umevaa viatu vipya. Nimeyasema haya kwa abiria, kwa ndugu, kwa mafundi, na nimeonekana mkorofi, mwenye gubu, mwanamke anayependa kutawala. Sawa. Nimezaliwa na mdomo huu na sina mwingine.

Aliyenifundisha ni baba. Boti ninayoiendesha aliiunda yeye, ubao kwa ubao, na alikuwa na kipimo chake ambacho sijakiona kwa mtu mwingine yeyote. Boti ikiwa imefungwa gatini kwa kamba iliyolegea, alipanda ukingoni kwa miguu yote miwili, akaikandamiza mpaka ikainama, kisha akarukia gatini na papo hapo akasema, kwa mwendo wa mtu anayeongea kawaida: "Mama watoto, epua chungu, nimefika, njaa inaniua." Boti ikisimama wima kwenye "mama watoto," alitabasamu. Ikisimama kwenye "chungu," alikuna kichwa akatafuta cha kupunguza huko juu. Akifika "inaniua" na bado imeinama, hakuna aliyepanda siku hiyo, hata awe nani.

Nyumba yetu iko pale pale juu ya gati, mlango unatazama maji. Kwa hiyo kila baba alipopima boti, mama alimsikia, na kila mara alimjibu kutoka mlangoni kwa sauti ya kufukuza kuku: "Hakijaiva! Zunguka tena!" Makuli wa gatini waliweka mizigo chini wacheke. Ulikuwa mchezo wao, na baba alipofariki mama aliendelea nao kwangu. Mimi nikisema nimefika, yeye chungu hakijaiva. Hata siku za msiba, nakumbuka, alinijibu, halafu akaingia ndani akalia.

Nina ndugu mmoja tu, mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba. Huyo hakupenda maji, alipenda moto. Akawa fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake nyuma ya nyumba, na mtaa mzima unamwita Cheche.

Halafu figo za mama zikafa. Ndivyo wanavyosema hospitali, zimekufa, utadhani wanazungumzia balbu. Mashine ya kusafisha damu iko ng'ambo ya maji. Ukienda kwa barabara unazunguka siku nzima kwenye mashimo, na tulipojaribu mara ya kwanza mama alishuka garini hajitambui. Kwa boti ni mwendo mfupi wa asubuhi. Kuhamia huko alikataa kabisa. "Nikafie chumba cha kupanga," alisema, "nikitazama kalenda ya mwenye nyumba?" Basi mara mbili kwa wiki mimi nilishika usukani, Cheche akafunga karakana na kukaa karibu naye, tukavuka. Nesi alituambia bila kuzunguka kwamba mama akikosa mashine ile maji yatamjaa mwilini, yatapanda kifuani, na baada ya hapo tusiulize. Tulilijua hilo sote watatu.

Mama alikuwa na mwili, na miguu ilikuwa imevimba haishiki ardhi. Makuli ndio waliompandisha. Siku moja wanne wamembeba, mmoja akateleza kwenye ukoga wa gati, na mguu wa mama ukaingia kati ya boti na zege. Haukuvunjika, ila alipiga ukelele ambao sitausahau. Baadaye akiwa amekaa kitandani alisema, "Mimi si gunia la mkaa. Sibebwi tena." Nilidhani ni hasira za siku ile. Safari iliyofuata alishika nguzo ya kitanda, akakataa kuguswa.

Sasa Cheche hajui kusema. Ukimpa pole anajikuna shingo. Lakini mpe mabomba ya chuma na umwache peke yake. Alijifungia karakanani, moto ukawaka, na alipotoka alikuwa na tao la chuma la kupita juu ya boti kutoka ukingo mpaka ukingo, na katikati yake winchi ya umeme, na chini ya winchi kiti cha minyororo. Mama akakaa kwenye kiti gatini, Cheche akabonyeza kitufe, na mama akapaa hewani akicheka, viatu vikining'inia. "Makuli, kwaherini!" alipiga kelele. "Kazi yenu imekwisha!" Nilicheka mimi, wakacheka makuli, na Cheche akajikuna shingo. Siku ile nilimpenda ndugu yangu kupita kiasi.

Ingeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mama akikaa chini sakafuni moshi wa petroli ulimchefua, na kifua kilimbana kwa sababu magoti yalikuja juu. Cheche akajenga jukwaa, akakifunga kiti juu yake, mama akawa anaona maji yote na upepo unampiga usoni. Akaongeza mkanda wa gari asije akaanguka. Jua likamchoma, akaweka paa la bati. Winchi ilihitaji umeme, akaleta betri mbili za lori, na kwa kuwa chini ya boti huwa kuna maji hata ufanye nini, akazipandisha juu ya paa zisilowe. Fundi wa vyuma hufikiri hivyo, kwamba adui wa betri ni maji. Halafu akaleta feni. Halafu redio yenye spika. Nikamuuliza, "Bado nini, kabati la vyombo?" Hakuniona kuwa nachekesha.

Na boti ikaanza kubembea polepole.

Mama alifurahi. "Kitinda mimba wangu amenitengenezea bembea," alimwambia nesi. Watu wa gatini nao wakasifu, wakasema boti ya marehemu imekuwa tulivu, siku hizi hata mawimbi ya meli haiyajali. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya watu yote yalikuwa juu ya lile paa linalong'aa. Mimi nilisubiri Cheche aende zake, mama akiwa amelala, nikapanda ukingoni nikaikandamiza. Nikaruka. Nikasema. Nilifika "inaniua," nikafunga mdomo, na boti bado ilikuwa imelala inanitazama.

Nilikwenda karakanani moja kwa moja. Alikuwa amevaa kinyago chake cha kuchomelea, nikakigonga kama mlango.

"Shusha betri. Shusha bati. Leo."

Akanyanyua kinyago. "Kwa nini? Imetulia."

"Haijatulia, imelewa! Vitu vyote vizito umevipeleka juu. Ikilala wimbi moja zaidi hairudi."

"Dada, ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Nundu ng'ombe anazaliwa nayo," nikamwambia. "Hii umeichomelea wewe."

Nilisema kwa ukali, na uso wake ulibadilika. Akaweka koleo chini. "Wewe unamvusha," alisema. "Kila mtu anaona unamvusha. Mimi nina nini cha kumpa? Nina hivi vyuma tu. Na betri zikilowa winchi itakufa mama akiwa hewani. Unataka hilo?"

Sikutaka hilo. Tukabishana mpaka sauti zikavuka ukuta, kisha tukakubaliana kitu cha katikati: kama hatushushi uzito wa juu, basi tuongeze wa chini. Cheche akajaza mchanga kwenye viroba, tukavipanga chini ya mbao za sakafu, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti. Nikapima. Ikasimama kwenye "chungu." Si vizuri, lakini si vibaya kama mwanzo. Boti iliketi chini zaidi kwenye maji, ukingo umekaribia, na mimi sikuridhika, ila nilichoka kuwa mkorofi. Kutoka mlangoni tulikomketisha, mama alipiga kelele, "Hakijaiva!" Nikaona maisha yanaendelea.

Viroba vile vilikuwa vikuukuu. Vilisuguana kule chini, vikatoboka, na mchanga ukaanza kutembea. Hatukuuona. Mchanga ulikwenda kwenye pampu ya kutolea maji, ukaiziba, pampu ikawa inalia vizuri kabisa na haitoi hata tone. Ukisikia pampu inalia unajua inafanya kazi. Nani anatazama mdomo wake kila saa?

Siku ya balaa tulikuwa tunarudi. Mama alikuwa amechoka, wakitoka kwenye mashine huwa hivyo, kichwa kimeegemea mkanda. Niliona usukani mzito. Nikageuza, boti ikachelewa kuitika. Nikamwambia Cheche, "Kuna kitu," na wakati huohuo meli ya mizigo ikatupita kwa mbali na mawimbi yake yakaja ubavuni.

La kwanza lilitulaza. La pili likatulaza zaidi, na chini ya miguu yangu nikasikia maji yanakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, maji mengi, ya siku kadhaa, yote yakakimbilia upande ule ule tuliolalia. Boti ikakaa. Ikakaa huko. Mama alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wake juu ya maji, mtandio umeteleza, ncha yake imelowa. Nilikata mwendo wa injini. Cheche alijitupa upande wa juu, akashika tao kwa mikono miwili, akatoa mwili wote nje. Na mimi, mdomo wangu wenyewe, bila kuutuma, ukaanza: mama watoto, epua chungu, nimefika, njaa inaniua. Nikamaliza. Haikurudi. Nikaanza upya. Mama watoto. Epua.

Hapo ndipo ikarudi. Polepole, kwa uvivu, ikasimama, ikapitiliza, ikasimama tena.

Feni ilikuwa inazunguka. Tulifika, winchi ikamshusha mama vizuri, betri zilikuwa kavu.

Kesho yake tulivua kila kitu bila kubishana. Bati likashuka, betri zikashuka sakafuni kwa muda, mchanga tukautupa, pampu tukaisafisha. Kiti tukakitoa jukwaani tukakiweka sakafuni. Nilipima, boti ikasimama kwenye "mama watoto" kabla sijavuta pumzi. Nikamwambia Cheche, "Umeona?" Akaitikia kwa kichwa. Siku ya mashine ilipofika tukamweka mama chini pale. Hatukufika hata kwenye boya. Alianza kuhema, midomo ikabadilika rangi, akashika nguo ya Cheche, akaniashiria kwa kidole: rudi. Nikarudi. Siku ile hakusafishwa damu.

Hapo nilielewa tulipo, na nilitamani nisingeelewa. Boti iliyoweza kumbeba mama ilikuwa inataka kupinduka, na boti isiyopinduka haikuweza kumbeba mama.

Jioni alituita wote wawili. Alikuwa amekaa na mito mgongoni, kwa sababu kulala chali kulishamshinda.

"Kitu gani kilikuwa kizito kuliko vyote kule juu?" akauliza.

"Betri," Cheche akasema.

"Mwongo."

"Bati."

"Mwongo wewe. Nilikuwa mimi." Akatabasamu kidogo. "Mlipogombana karakanani niliwasikia, kuta zenyewe ni hizi. Nundu yenyewe ni mimi, na mmeichomelea."

"Mama, acha," nikasema.

"Siachi. Nina watoto wawili tu duniani, na wote wawili wanakuwa ndani ya boti moja. Siku ile ya mawimbi mimi nilikuwa nimefungwa mkanda. Ingepinduka, mngenifuata chini. Nawajua. Hakuna ambaye angeogelea aniache. Sasa nani angefungua mlango wa nyumba hii?"

"Tutautoa mkanda," nikasema.

"Na bado mtanifuata." Akanishika mkono, vidole vyake vilikuwa vimejaa na baridi. "Sipandi tena, mwanangu."

Nilimkasirikia mama yangu. Nasema kweli, nilimkasirikia mgonjwa. Nilimwambia ni mbinafsi, nilimwambia anataka kutuua kwa njia nyingine, nilimwambia kama ni hivyo tutamfunga kamba tumbebe kwa nguvu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwa utulivu, "Nibebeni. Tukifika katikati nitajiangusha mwenyewe." Cheche akatoka nje.

Nilimkuta amekaa juu ya mapipa matupu ya plastiki nyuma ya karakana, kichwa kiko mikononi. Nikakaa naye. Nadhani ni mapipa yale ndiyo yaliyotupa akili, kwa sababu tulinyanyua vichwa kwa pamoja. Boti nyembamba ukiipa mbawa, pipa moja kila upande, limezibwa, limeshikwa na mkono wa bomba, linagusa maji: boti ikitaka kulala, pipa linakataa kuzama, linairudisha. Kila mtu anajua. Tulikuwa tumehangaika na juu na chini, tukasahau pembeni.

"Na betri chini," Cheche akasema kabla sijafungua mdomo. "Nitazitengenezea sanduku lisiloingiza maji. Na paa la turubai."

Tulirudi ndani tukamwambia mama. Alitusikiliza akiwa amefumba macho. Mwishowe akasema, "Pima nikisikia. Kwa maneno ya baba yenu, si ya mwingine. Ikisimama kwenye 'mama watoto' na mimi nikiwa kitini kule juu, nitapanda."

"Hutakuwa kitini, bado ni majaribio."

"Basi wekeni kitu kizito kama mimi."

Tukaweka magunia mawili ya mkaa. Sikutaka, lakini ndiyo yaliyokuwepo, na alipochungulia kutoka dirishani akayaona yamefungwa mkanda alicheka mpaka akakohoa. "Yule ni mwembamba," akasema. "Mwongezeeni."

Cheche alifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Alikata mabomba, akachomelea mikono, akafunga mapipa. Mimi nilizunguka kumtafutia chuma cha kutosha, nikirudi namwangalia mama. Siku ya mashine ikafika ikapita. Miguu yake iling'aa kwa maji, na usiku alihema kwa sauti. Nikapiga simu kwa nesi, akasema mleteni. Nikamwambia tunajenga. Akasema mjenge haraka.

Jaribio la kwanza mapipa yalikaa juu mno, hayakugusa maji mpaka boti imeshalala. "Epua chungu," nilifika, ndipo ikasimama. Kutoka dirishani, kwa sauti nyembamba, "Hakijaiva!" Cheche akatukana, akaanza kuikata mikono ili aishushe.

Jaribio la pili mkono mmoja ulipinda, mabomba yalikuwa membamba. Boti ikarudi upande mmoja, upande wa pili ikagoma. Nilisema sentensi yote. Safari hii mama hakuweza kupaza sauti. Nilikuwa nimemwachia kikombe cha bati na kijiko, kama akinihitaji agonge, na nikasikia akigonga mara mbili, ka-ka, hakijaiva. Nikacheka peke yangu gatini machozi yananitoka. Makuli walikuwa wamesimama, hakuna anayepakia kitu. Siku ile ndiyo walianza kuleta mabomba yao wenyewe, mazito, waliyoyatoa sijui wapi, na sikuuliza.

Asubuhi ya mwisho nilimwosha uso mama, nikampandisha kwenye mito, nikamfungulia dirisha. Alikuwa anasinzia na kuamka, anasinzia na kuamka. Nikamwekea kikombe mapajani na kijiko mkononi, nikavikunja vidole vyake juu ya kijiko.

"Leo itaiva," nikamwambia.

"Mshushe yule mkaa," akasema taratibu. "Nataka kiti changu." Ndivyo alivyosema, na nilimbusu kwenye paji la uso, nikatoka mbio.

Cheche alikuwa anakaza nati ya mwisho. Mikono yake ilikuwa imeungua, macho mekundu kwa kuchomelea siku zote zile bila kupumzika. Mapipa yalikuwa yamekaa juu ya maji sawasawa, yameyagusa tu. Turubai lilikuwa juu, jepesi. Betri zilikuwa chini, ndani ya sanduku lake, na jukwaani magunia ya mkaa yamefungwa mkanda. Makuli wakasogea. Cheche akashika kamba, akanitazama.

"Dada, pima."

Nilipanda ukingoni. Niliikandamiza kwa nguvu zote, nikaruka pipa, nikatua gatini, na nikapaza sauti ifike dirishani:

"Mama—"

Boti ikasimama. Ilisimama kwa ghafla, kwa hasira, mpaka minyororo ya kiti ikalia, pipa likapiga maji yakaturukia usoni. Sikuwa nimefika hata "watoto." Tangu baba aiunde sikuwahi kuiona ikirudi namna ile. Makuli walipiga makofi, mmoja akanikumbatia, Cheche akapiga magoti pale pale kwenye zege na kamba mkononi, anacheka, anafuta pua kwa kiganja. Nami nikamalizia, kwa sababu lilikuwa sharti lake, maneno yote ya baba, kwa sauti kubwa: "—watoto, epua chungu, nimefika, njaa inaniua!"

Tukasubiri kijiko.

Makofi yalikwisha. Maji yalipiga mapipa. Dirisha lilikuwa wazi nilivyoliacha, pazia linacheza na upepo. Nilijua. Sijui nilijuaje, lakini miguu ilikataa kupanda ngazi, na makuli walianza kuvua kofia mmoja mmoja bila mtu kuwaambia.

Cheche peke yake bado alikuwa amepiga magoti, ameikaza kamba, ametega sikio kuelekea nyumbani.

"Sema tena, dada," akaniambia. "Labda hajasikia."

Nikapanda tena ukingoni, nikasema tena.